Kila Ukurasa Nimechoka, na Mume Wangu Anasema Kitabu ni Kizuri

Shangazi mpendwa,

Naomba unisikilize mpaka mwisho hata nikizungukazunguka, maana sijawahi kuandikia gazeti, na kila nikijaribu kulisema jambo hili kwa mdomo linakuwa dogo, tena la kuchekesha, watu wananipongeza, na nikishapongezwa nakosa pa kuanzia.

Mume wangu ni mpiga picha. Si wa magazeti, ni wa shule na vitambulisho, yule ambaye wanafunzi wakimwona tu anaingia getini na mkoba wake wanapiga kelele "Tabasamu! Tabasamu!" kwa sababu ndilo neno analowaambia kabla hajabonyeza, na jina hilo limemganda mpaka mtaani, hata fundi viatu anamwita hivyo, na mimi nimekuwa Mke wa Tabasamu. Ni mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa sababu najua utadhani nakuletea habari za ulevi au za mwanamke wa pembeni, hapana, hanywi, halali nje, hajawahi kuninyanyulia mkono. Mimi nafua mashuka. Kuna nyumba ya wageni barabara ya pili kutoka kwetu, mashuka yake yote na foronya na taulo yanakuja kwangu yamefungwa mabunda, nayaloweka, nayasugua madoa, nayasuuza, nayakamua, nayaanika uani, nayapiga pasi, nayakunja na kuyarudisha, na tangu watu waanze kujipiga picha wenyewe kwa simu na shule zikawa zinamwita mume wangu mara mojamoja, mashuka hayo ndiyo yanayotulisha. Silalamiki, kazi ni kazi, nimeeleza tu ili uone uani kwetu kukoje, maana kitabu chenyewe kimetokea uani.

Kazi ilipompungukia alianza kushinda nyumbani na kamera shingoni. Nilimwonea huruma, mwanamume aliyezoea kupanga watoto wa shule nzima kwa mistari, wafupi mbele warefu nyuma, sasa anazunguka uani kama mgeni asiyejua aketi wapi, kwa hiyo alipoanza kunipiga picha nikifua nilimwacha, nikasema bora apate cha kufanya. Wanafunzi anawaambia tabasamu, mimi alikuwa ananiambia, "Endelea tu, usigeuke." Nami nikaendelea. Ukitaka ukweli nilikuwa nafurahi kidogo, na siku nyingine nilikuwa naanika kwenye kamba ya upande wa ukuta ambako mwanga wa asubuhi unapiga vizuri, ingawa kamba ya huko iko juu na inaniumiza mabega, lakini hilo si la maana. Kilichokuwa kinanichosha ni ile "ngoja" yake. Nimebeba beseni limejaa mashuka mabichi, maji yananichuruzikia mpaka kwenye ndala, nataka kulitua, naye anasema, "Hapo hapo, ngoja kidogo, mwanga unaondoka," nami nasimama na beseni langu mpaka mwanga uondoke. Mwingine angelitua chini na kumwambia aje alibebe yeye. Mimi nilijiambia wapiga picha ndivyo walivyo, wakishaweka jicho kwenye kile kidirisha hawaoni tena uzito wala baridi, wanaona picha tu, na kwa hiyo nilimsamehe. Nakuomba ushike hapo, Shangazi, kwamba nilikuwa nimemsamehe kwa kutoona.

Habari ya kitabu niliijua, ila sikujua ni kitabu gani. Alizunguka kwenye kampuni za vitabu na picha zake, wakamwambia vitabu vya picha havina wanunuzi, mmoja akamshauri aandike kitabu cha mapishi, akarudi nyumbani amenywea, kisha siku moja akasema kwa sauti ya mtu aliyekata kauli, "Nitakitoa mwenyewe." Akauza taa za studio, akauza na lile pazia la maua ambalo nusu ya mji wamepigwa picha mbele yake. Binti yetu anayejua kompyuta akachukua kazi ya kupanga kurasa, wakawa wanajifungia chumba cha nyuma, picha zimetandazwa sakafuni, nikibisha hodi wananiambia nisubiri, nasikia karatasi zinakusanywa haraka haraka na vicheko. Nilijua ni wanafunzi. Miaka yote hiyo ya kupiga picha shuleni, kitabu kingekuwa cha nani kama si cha wanafunzi? Nilimpigia pasi shati la kwenda nalo kwa mchapaji, nikamwambia asiwe mnyonge, asimame wima, akubaliwe. Nilikuwa namwombea dua, Shangazi, kwa moyo wangu wote.

Nakala ya majaribio ilipotoka alikuja nayo kwapani imefungwa kwa karatasi ya kaki. Akafuta meza, akaniita kutoka uani.

"Njoo ukae, Mama."

"Nina maji kwenye moto."

"Binti atayaangalia. Kaa. Futa mikono kwanza, futa vizuri, karatasi hii haipendi maji."

Nikafuta mikono kwenye gauni, nikakaa, nikafungua. Juu ya jalada nilikuwa mimi. Nimesimama uani na shuka la kitanda kikubwa, nalikunja peke yangu, na anayekunja mashuka makubwa anajua kwamba ni kazi ya watu wawili, huyu ashike ncha hizi na yule zile, mkutane katikati. Ukiwa peke yako unalibana katikati kwa kidevu, unanyoosha mikono mpaka mwisho, unavuta, na likigusa chini unalifua upya. Ndivyo nilivyo kwenye jalada, kidevu kimebana kifuani, macho yamefumbwa, mikono imenyooka huku na huku. Na chini yake, kwa herufi kubwa, jina la kitabu: MIKONO ISIYOCHOKA.

Nikafunua. Mimi nasugua. Mimi nakamua, ncha moja ya shuka nimeifunga kwenye bomba kwa sababu hakuna wa kuishika. Mimi na beseni, lile la "ngoja kidogo", na kweli mwanga ulikuwa mzuri. Mimi nimelala kwenye kiti cha jikoni, pasi iko pembeni, mdomo wazi. Mgongo wangu. Mgongo wangu tena. Kitabu kizima, Shangazi, mwanzo mpaka mwisho, hakuna mwanafunzi hata mmoja, na picha ni nzuri, hilo ndilo linaloniuma zaidi, kama zingekuwa mbaya ningecheka na kumwambia arudie. Sikujua nina mgongo wa namna hiyo. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa nataka kuendelea kufunua.

Kisha tukafika kwenye picha ya mkono. Ni mkono wangu wa kulia tu umejaza ukurasa, umeshika shuka lililosokotwa, na kifundo kimevimba. Nilikuwa nimeumia kwa kukamua, ni mwaka jana, kilivimba kikanipa homa na mpaka leo kikipata baridi kinanikumbusha. Binti alikuwa amesimama nyuma yangu, na mume wangu akaweka kidole juu ya picha, akamwambia kwa furaha kabisa, "Unaona kifundo kilivyovimba? Picha yenyewe iko hapo. Nilisubiri karibu wiki nzima mwanga ukiangukie vile."

Wiki nzima. Wiki hiyo naikumbuka vizuri. Nilikuwa nakamua kwa mkono wa kushoto, ncha nyingine nimeibana kwa magoti, na nikawa nauficha ule wa kulia ndani ya kanga akiwa karibu ili asipate wasiwasi, nikawa nashukuru hajaona. Kumbe ameona. Aliona siku ya kwanza, akaona siku ya pili, akawa anangoja jua.

Kuanzia hapo sikusikia vizuri walichokuwa wanasema. Kuna na maneno ya utangulizi, kurasa mbili, ameandika mwenyewe, anasema tangu tuoane mke wake hajawahi kulalamika hata siku moja. Ni kweli, sijawahi. Nilipoisoma sentensi hiyo machozi yalinitoka, wakadhani nimeguswa, binti akanikumbatia akasema, "Mama, hii ni heshima. Ni watu wangapi wamewekwa kitabuni?" Mume wangu naye akapenga kamasi. Akasema, "Mchapaji anasubiri neno lako tu. Ukisema sawa, nampigia waanze."

Nikasema nitakisoma vizuri kwanza.

Tangu siku hiyo nimekificha kabatini chini ya foronya za wageni, akiniuliza namwambia bado nasoma, na kitabu chenyewe hakina maneno zaidi ya zile kurasa mbili. Hanisukumi. Anatembea polepole, ananitengea kiti, ananiangalia usoni kama mwanafunzi anayesubiri matokeo, na hilo linanichosha kuliko angenigombeza. Nilimwonyesha mdogo wangu kwa siri nikidhani ataona ninachokiona, akafunua akalia kweli kweli, akaniambia, "Dada, umepata bahati. Wangu hata ukimuuliza nilivaa nini jana hajui." Nikarudisha kitabu kabatini, nikaenda kuloweka.

Sasa nifanye nini? Nikisema hapana namvunja moyo mtu ambaye hajanikosea kwa kitu ninachoweza kukitaja, ameuza vitu vyake vya kazi, hana kingine cha kujivunia, na watu wataniona mwanamke asiyejua jema. Nikisema sawa, kitabu kitatoka na kitakaa madukani na majumbani kwa watu na kitasema mikono yangu haichoki, na mimi ndiye nitakuwa nimekubali. Nimechoka, Shangazi. Nakuandikia nimekaa juu ya bunda la mashuka ambayo sijayagusa tangu asubuhi, na wala sioni aibu, ndipo ninapojua hali si nzuri.

Wako,
Mke wa Tabasamu


SHANGAZI ANAJIBU

Mama, maana hilo la Mke wa Tabasamu sitakuita, umeshaitwa hivyo vya kutosha.

Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaenda kufanya mambo mengine, nikairudia. Kwenye meza hii zinafika barua za wanaume wanaopiga, wanaokimbia, wanaokana watoto wao wenyewe, na nina majibu yao karibu nimeyakariri. Yako imenikalisha. Unauliza kama una haki ya kuumia wakati hujapigwa wala hujaachwa. Unayo. Mtu akiwa haoni, unaweza kumhurumia. Akiona, akatega kamera, akasubiri jua likae sawa juu ya uvimbe wako, hapo una kila sababu ya kukasirika, na nakusihi uache kujiuliza kama hasira hiyo ni ya kweli.

Nianze na yeye, kwa sababu najua na yeye atasoma, wapiga picha wanasoma magazeti yote wakitafuta nani kapiga nini. Bwana, picha zako sijaziona, lakini mkeo amezieleza kwa namna ambayo naamini ni nzuri, na hongera. Sasa niambie: mkeo akiwa amebana shuka kwa kidevu, ncha zile nyingine mbili zilikuwa zinamsubiri nani? Mikono yako ilikuwa na kazi, najua. Ilikuwa imeshika kamera. Umekula jasho la mashuka hayo, ukayapiga picha, ukampelekea mchapaji, kisha ukamvika mkeo kilemba cha ukoka kwa herufi kubwa. Isiyochoka! Nani amekuambia? Uliuliza? Wanafunzi wa watu unawabembeleza watabasamu, aliye ndani kwako unamwambia asigeuke. Angegeuka ungeona uso, na uso ungekuambia utue kamera.

Basi, nimemaliza naye. Sasa wewe.

Umeandika kwa haraka sana mahali fulani kwamba siku nyingine ulikuwa unaanika upande wa ukuta kwa ajili ya mwanga, ukasema hilo si la maana. Mama, mimi si mgeni wa barua. Mtu akiniambia jambo si la maana, hapo ndipo navaa miwani. Uliacha kamba ya chini, ukahamia ile ya juu inayoumiza mabega, ili picha itoke vizuri. Ulipenda kuangaliwa. Na kwa nini usipende? Mumeo alikuwa amerudi kukutazama baada ya miaka ya kutazama watoto wa watu, na wewe ukamfungulia mlango wa pekee uliokuwa unaujua, yaani ukaendelea kufua. Hakuna aibu hapo hata chembe. Ila usije ukamwambia amekuibia, maana atakuuliza kuhusu ile kamba, na utakosa jibu, na mazungumzo yataishia hapo, mtabaki mnazungumzia kamba mpaka mnazeeka. Picha zile mlizitengeneza wawili.

Na lile la kutolalamika. Ameandika kweli, tena umekiri mwenyewe. Ulificha mkono ndani ya kanga ili asipate wasiwasi. Ulijitia hamnazo na yeye akajitia hamnazo, mkaishi hivyo kwa adabu kubwa, kila mmoja akimlinda mwenzake asijue kitu ambacho wote mnakijua. Sasa unamficha kitabu chini ya foronya na kumdanganya kwamba unasoma. Mtu mzima! Kurasa mbili unazisoma mpaka lini? Unafanya kile kile ulichofanya na mkono uliovimba, na yeye anafanya kile kile alichofanya, anasubiri. Mkiachwa hivyo mtafika mbali sana na hamtafika popote.

Mdogo wako mwache na machozi yake, ana mambo yake nyumbani na siku moja ataniandikia. Binti yako, huyo nina neno naye. Mwanangu, umepanga kurasa zile moja moja, umeuona mkono wa mama yako umejaza kioo cha kompyuta, ukaurekebisha rangi. Hukufikiri kwamba na wewe una mikono? Heshima unayoisema inaanzia kwenye beseni. Kuanzia wiki hii pasi ni yako, na usimwambie mama yako kwamba unamsaidia.

Sasa nisikilize, maana nitasema mara moja.

Kitoe kitabu kabatini leo. Usingoje usiku mkilala, mambo ya kitandani huishia kwenye "basi, yaishe", na asubuhi hayajaisha. Chagua mchana, kazi ikiwa katikati, mashuka yakiwa majini. Mwite kama alivyokuita, mwambie akae, afute mikono. Fungua pale kwenye picha ya mkono. Usianze na jalada, usianze na jina la kitabu, usianze na miaka yenu yote ya ndoa. Muulize swali moja tu: "Uliona. Kwa nini hukuja?" Halafu nyamaza. Hiyo itakuwa kazi ngumu kuliko zote kwako, kwa sababu umezoea kumsaidia hata kuomba msamaha. Usimsaidie. Atakuambia alikuwa anakuheshimu, atakuambia alikuwa anashangaa nguvu zako, atakuambia ulionekana mzuri, na inawezekana yote ni kweli. Mwache amalize, kisha rudia swali. Akilia, alie, hajafa mtu kwa kulia. Asipolia, usimhukumu kwa hilo, wengine wanachelewa.

Na yeye akishaelewa, nasema akishaelewa, si akishasema ameelewa, mwambie masharti. Jina la kitabu linaondoka, na jipya mtalitafuta wawili. Picha yoyote usiyoitaka inatoka, ile ya mdomo wazi kwenye kiti na nyingine utakazozitaja, na huhitaji kumpa sababu, sababu ni kwamba mwili ni wako. Utangulizi anauandika upya, na safari hii anakuuliza kwanza. Kabla hayo yote hayajafika kwa mchapaji, mkono huo unafika hospitali, naye ndiye atakayekaa nawe kwenye foleni, na kamera inabaki nyumbani. Mkono unaouma mwaka mzima kila ukipata baridi hauponyeshwi kwa kuufunga kanga.

Halafu kukamua. Kukamua ni kwake kuanzia sasa. Mwanamume aliyebeba mataa na mapazia ya studio miaka yote ana mabega ya kukamua shuka. Asije akasema anakusaidia, mashuka hayo yanamlisha na yeye, kwa hiyo ni kazi yake kama ilivyo yako. Siku za kwanza atakamua vibaya, yataanikwa yanachuruzika, mwenye nyumba ya wageni atalalamika. Usikimbilie kuyachukua mikononi mwake. Kunywa chai. Wala usimsifu kila anapobeba beseni, ungekuwa unasifiwa wewe kwa kila beseni tungekuwa tumemaliza karatasi za nchi nzima.

Kitabu usikikatae. Ninajua kuna wasomaji watanishangaa hapa. Lakini umeniambia ulikuwa unataka kulia na kuendelea kufunua, na mtu anayetaka kuendelea kufunua hajakichukia kitabu. Mumeo ana kipaji, na kazi ile ni yenu, na kama itatoka inayosema kweli, kwamba huyu mwanamke alichoka sana na alikuwepo mtu akimtazama, mimi mwenyewe nitanunua na nitaiweka mezani wageni waione. Ila isitoke kwanza. Mchapaji asubiri mpaka umeona mumeo anakamua bila kumwambia mtu, bila kujipiga picha akikamua, mpaka umezoea na umesahau kumshukuru. Hapo ndipo useme sawa, kwa mdomo wako, na useme ukiwa umekaa.

Umeandika kwamba huna kitu unachoweza kukitaja. Umekitaja vizuri kabisa, kurasa na kurasa. Kata barua hii gazetini ukipenda, umpe aisome kama mdomo utakuwa mzito, lakini lile swali moja liulize mwenyewe kwa sauti yako.

Na ikitokea, Mungu apishe mbali, umelia mbele yake pale mezani naye akanyoosha mkono kuichukua kamera, usigombane naye. Simama, toka nje, mpigie mchapaji wewe mwenyewe, umwambie kitabu kimesimama na aliyekisimamisha ni mwenye mikono. Namba yake iko nyuma ya ile nakala, chini kabisa, kwa herufi ndogo. Wachapaji hawasahau kuiweka.